Hofu ya Muuguzi Mpya: Mwongozo Kamili wa Wiki za Kwanza Wodini

Kutundika dripu, kupima presha na kusafisha kidonda ni kazi ambazo kila aliyehitimu uuguzi amezifanya mara nyingi akiwa mwanafunzi. Hata hivyo, usiku wa kuamkia siku ya kwanza kazini wengi hawapati usingizi. Kilichobadilika ni sahihi. Chuoni mkufunzi alisimama nyuma yako na jina lake lilikuwa juu ya lako. Sasa dawa ukiitoa, jina lililo kwenye karatasi ni lako peke yako, na leseni iliyo hatarini ni yako. Hofu hiyo ina haki yake, wala haiondoki kwa kuambiwa "jipe moyo".

Itenganishe mapema. Iko hofu inayokufanya usome lebo ya kichupa mara ya pili. Hiyo usiifukuze, kwani inamlinda mgonjwa na inakulinda wewe. Iko nyingine inayokufunga mdomo: hujui kipimo lakini waona haya kuuliza, umemwona mgonjwa akihema vibaya lakini waogopa kumwamsha daktari. Hii ya pili ndiyo inayoua watu wodini, na karibu kila hatua iliyoandikwa hapa chini inalenga kuiondoa.

Ivunje hofu vipande

Chukua karatasi uandike mistari mitano inayoanza na "Naogopa". Usikubali jibu la jumla. "Naogopa kazi" haina la kufanyiwa, lakini "naogopa kukosea insulini" ina dawa. Wauguzi wapya huandika mambo yanayofanana: kupiga hesabu ya dawa ya mtoto, kutafuta mshipa huku mama wa mtoto akitazama, mgonjwa kuzimika mkononi, kumpigia daktari usiku wa manane, kuachwa peke yako na wodi iliyojaa. Mbele ya kila mstari andika mambo matatu: nani wodini analijua jambo hili vizuri, nitasoma nini kuhusu hilo, na nitalifanya kwa mkono lini nikiwa na mtu kando. Karatasi hiyo ndiyo utakayomwonyesha inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, siku ya kwanza. Inchaji mwenye busara huifurahia, kwa sababu inamrahisishia kukupangia kazi.

Wiki moja kabla

Weka karatasi zako rasmi kwenye faili moja: leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya ikiwa hai, vyeti, kitambulisho, namba ya KRA na barua ya kuajiriwa, kila moja na nakala mbili. Anayekimbizana na ofisi ya wafanyakazi asubuhi ya kwanza hukosa kuzungushwa wodini, na hasara hiyo humfuata wiki nzima.

Angalia chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ni sindano tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Ikiwa hukuzianza chuoni, zianze sasa.

Jaribu safari saa ile ile utakayoenda kazini. Ukitoka Likoni kuja kisiwani Mombasa hulipi kitu kivukoni ukitembea kwa miguu, ila foleni ya asubuhi haina huruma. Wa Kisauni na Bamburi wana daraja la Nyali, wa Mikindani na Changamwe wana Makupa. Lenga kufika nusu saa kabla ya ripoti, na msimu wa masika, Aprili hadi Juni, ongeza nusu saa nyingine kwa ajili ya maji barabarani. Mwili uliokimbia kutoka steji hadi wodini tayari unapiga moyo mbio, na akili huihesabu hali hiyo kuwa woga.

Mwulize inchaji kwa simu wodi yako ni ipi na dawa kumi zinazotumika zaidi hapo ni zipi. Soma hizo kumi tu. Usijaribu kumaliza kitabu kizima cha famakolojia kwa siku tano, utachoka na hutakumbuka. Kwa kila dawa andika: inatibu nini, kipimo chake cha kawaida, inachanganywa na nini na mililita ngapi, inapitishwa kwa muda gani, na dalili ipi ikitokea uisimamishe.

Siku ya kwanza: jua kila kitu kiko wapi

Omba dakika kumi za kuzungushwa, na usiishie kuonyeshwa kwa kidole. Fungua droo mwenyewe. Shika mfuko wa Ambu (wa kumpulizia pumzi asiyepumua) na barakoa zake, hakikisha umejua ya mtu mzima na ya mtoto. Washa mashine ya kufyonza makohozi uone kama inavuta. Tafuta mtungi wa oksijeni, usome mita yake, na uulize swali ambalo wengi husahau: spana ya kufungulia mtungi hukaa wapi? Mtungi uliojaa bila spana ni chuma tu. Uliza pia umeme ukikatika jenereta huchukua muda gani kuwaka, kwa sababu mashine ya oksijeni ya umeme huzima papo hapo na ni lazima ujue mtungi wa akiba uko wapi gizani.

Endelea na glukomita, yaani kipima sukari, na vibanzi vyake (mara nyingi vibanzi hufungiwa), dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 50, adrenalini, kabati la DDA (la dawa kali zinazodhibitiwa kisheria) na anayeshika funguo zake. Nakili namba za daktari wa zamu, maabara, benki ya damu, thieta na mlinzi wa lango. Kisha simama kwenye kitanda kilicho mbali kabisa, ujiambie mgonjwa huyu ameacha kupumua, uende ukalete toroli ya dharura. Fanya hivyo mara mbili siku yenye utulivu. Miguu ikishajua njia, akili ina jambo moja pungufu la kuhangaikia.

Karatasi ya mfukoni na ripoti

Kumbukumbu huwa ya kwanza kukimbia mtu akiogopa, kwa hivyo usiitegemee. Chukua karatasi ya A4, ikunje mara tatu, upate miraba minane. Kila mraba ni mgonjwa mmoja: kitanda, jina, umri, ugonjwa, mzio, dripu iliyobaki na saa itakayoisha, dawa na saa zake, kipimo kinachosubiriwa kutoka maabara. Dawa zisizoweza kuchelewa zitie duara: insulini, dawa za kifafa, antibayotiki ya kwanza ya mgonjwa mahututi. Ukimaliza jambo, likate kwa mstari mmoja. Andika saa kwa mtindo wa saa 24, 0800 na 2000, kwa sababu "saa mbili" kwenye karatasi moja na "8" kwenye nyingine imewahi kuwapa wagonjwa dawa mara mbili. Zamu ikiisha, chana karatasi hiyo hapo hapo hospitalini. Ina siri za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda.

Pokea ripoti kando ya kitanda panapowezekana, usiikubali ya mezani peke yake. Kabla anayeondoka hajachukua mkoba wake, mwulize maswali matatu. Nani kati ya hawa anakutia wasiwasi zaidi? Dawa gani haikutolewa, na kwa nini? Daktari au jamaa wameahidiwa nini? Jibu la swali la kwanza ndilo linalokupa pa kuanzia.

Baada ya ripoti, zunguka upesi, kama dakika moja kwa kila kitanda, bila kuanza kazi yoyote. Anapumua vipi? Ana rangi gani? Akiitwa anajibu? Dripu inatiririka? Kuna damu kwenye shuka au kwenye bandeji? Vishawishi vya kusimama ni vingi, kwa maana kila mtu atakuomba kitu. Mwambie, "Nimekusikia, nakurudia baada ya kuwaona wote," na ulifuate neno lako.

Dawa: hapa ndipo pa kwenda polepole

Mambo matano yanajulikana: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Ongeza la sita, kuandika mara tu unapotoa, wala si mapema na si mwisho wa zamu. Wauguzi wapya hawakosei kwa kutojua haya. Hukosea kwa kukatizwa. Uko katikati ya kupima dawa, jamaa anauliza saa za kutembelea wagonjwa, ukirudi hukumbuki kama kichupa ulichoshika kimeshachanganywa. Kanuni yake: ukikatizwa katikati, anza upya tangu kusoma karatasi. Na dawa iliyo ndani ya bomba la sindano lisilo na lebo, hata kama ni wewe uliyeivuta, mwaga.

Mgonjwa usimwulize "Wewe ni Bi Fatuma?" Mtu mwenye homa kali huitikia jina lolote. Mwulize, "Jina lako kamili nani?" kisha ulinganishe na karatasi. Katika mji ambako Mohamed Ali wawili hulazwa wodi moja siku moja, ongeza umri au namba ya hospitali.

Hesabu ya dawa ya maji ni hii: kipimo unachotaka, gawanya kwa kipimo kilichomo kwenye kichupa, zidisha kwa mililita za kichupa. Mtoto wa kilo 8 ameandikiwa jentamaisini miligramu 7.5 kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 60. Kichupa kina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Sitini gawanya kwa themanini, zidisha kwa mbili, unapata mililita 1.5. Kabla ya kuvuta, tazama kama jibu lina akili: ninataka chini ya kichupa kizima kidogo, na 1.5 ni chini ya 2 kidogo. Sawa. Hesabu ikikudai vichupa vitano kwa mtoto mmoja, simama, kuna desimali imeruka.

Dripu: mililita zidisha kwa matone ya seti (mpira wa dripu) kwa kila mililita, gawanya kwa dakika. Mililita 500 kwa saa 4, seti ya matone 20 kwa mililita: 500 mara 20 ni 10,000, gawanya kwa dakika 240, ni takriban matone 42 kwa dakika. Kwa vitendo hesabu matone 10 au 11 kwa sekunde 15. Soma pakiti ya seti kwanza, maana seti za watoto zenye matone 60 kwa mililita zinafanana nazo, na ukizichanganya mtoto atapata maji mara tatu ya alichoandikiwa au theluthi yake.

Ziko dawa ambazo katika miezi ya kwanza usizitoe bila mwenzako kuhesabu pembeni yako kivyake, bila kuona jibu lako:

- Insulini. Yuniti 100 zimo ndani ya mililita 1, kwa hivyo yuniti 10 ni mililita 0.1 tu. Tumia bomba la insulini peke yake. Bomba la kawaida la mililita 2 ndilo linalozaa makosa ya mara kumi.
- Potasiamu kloridi. Haisukumwi mshipani kamwe. Huchanganywa kwenye dripu, ikatikiswa vizuri, na wodini isizidi milimoli 10 kwa saa. Ikiingia ghafla, moyo husimama.
- Mofini na wenzake wa kabati la DDA: wawili kuhesabu, wawili kutia sahihi, na idadi ya upumuaji ipimwe kabla na baada.
- Damu. Wawili kulinganisha jina, namba na kundi kando ya kitanda. Ianze ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye friji na imalizike ndani ya saa 4. Dakika 15 za kwanza usiondoke hapo: homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya kiuno au kuhema, funga damu kwanza, maelezo baadaye.

Seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, nayo ina mtego wake. Haipitishwi pamoja na maji ya Ringer kwenye mpira mmoja, kwa sababu ya kalsiamu. Kwa mtu mzima safisha mpira kwa saline (maji ya chumvi) kabla na baada. Mtoto mchanga anayepata maji yenye kalsiamu haipewi kabisa.

Mikono ikitetemeka

Kutetemeka ni kazi ya adrenalini, si dalili ya kutojua. Hupungua ukivuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa polepole kwa hesabu ya sita, mara sita mfululizo, kama dakika moja hivi. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakopunguza kasi ya moyo. Fanya hivyo unaponawa mikono, hakuna atakayejua. Kunywa chai mahamri kabla ya kutoka nyumbani, ila chai ya rangi au kahawa tungu vikombe vitatu mfululizo vitakuongezea mtetemeko.

Kwa kanula, yaani mpira mdogo wa plastiki unaoachwa mshipani, andaa kila kitu kwanza, tepu ikiwa imeshakatwa. Kaa chini, kamwe usiiname juu ya kitanda. Mkono wa mgonjwa uning'inie chini ya moyo kwa muda, funga mpira vidole vinne au vitano juu ya mahali unapolenga, paka spiriti na uiache ikauke sekunde 30. Vuta ngozi ibane. Egemeza kidole chako kidogo kwenye mkono wa mgonjwa: sindano haiwezi kutetemeka sana ikiwa mkono una pa kuegemea. Ingia kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 30. Damu ikionekana, laza sindano, songa mbele milimita 2 au 3 zaidi, ndipo uteleze mpira wa plastiki. Wengi hukosa hapa, huteleza mara tu waonapo damu huku plastiki ikiwa bado nje ya mshipa. Ukishaivuta sindano nyuma, usiirudishe ndani ya plastiki, inaweza kuikata. Mtu mzima wa kawaida anatosha na ya waridi, namba 20. Mjamzito anayetoka damu au majeruhi wa ajali anahitaji ya kijani, 18, au ya kijivu, 16.

Ukikosa mara mbili, acha na umwite mwingine. Hilo ni sheria ya heshima kwa mgonjwa, wala halikupunguzii kitu.

Kumpigia daktari

Hapa ndipo hofu inayofunga mdomo inapofanya madhara makubwa. Toa uamuzi mikononi mwa woga kwa kuweka mipaka kwenye karatasi yako. Kwa mtu mzima, lolote kati ya haya linatosha kupiga simu bila kujishauri: anapumua mara 8 au chini, au 25 na zaidi kwa dakika; oksijeni ya damu asilimia 91 au chini; namba ya juu ya presha 90 au chini; mapigo 40 au chini, au 131 na zaidi; amechanganyikiwa ghafla ilhali hakuwa hivyo. Mkojo chini ya mililita 30 kwa saa kwa mtu wa kilo 60 nao haungojei asubuhi. Wagonjwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu huandikiwa mipaka yao wenyewe ya oksijeni, isome kwenye faili.

Kabla ya kupiga, shika faili mkononi, pima upya, na panga maneno kwa mpango wa sehemu nne: kinachotokea, historia, unavyodhani, unachotaka. Kwa mfano:

"Daktari, ni muuguzi wa zamu, wodi ya wanaume. Ni kuhusu mgonjwa wa kitanda cha 7, miaka 58. Anapumua mara 28, oksijeni 88, presha 94 kwa 60. Alilazwa jana na nimonia, yuko kwenye seftriaksoni, hana mzio. Nahisi hali inamzidi, huenda maambukizi yameingia kwenye damu. Nimemkalisha na nimeanza oksijeni. Nakuomba uje umwone sasa. Nifanye nini ukiwa njiani?"

Angalia sentensi ya kabla ya mwisho. Muuguzi mpya humaliza na "nilitaka tu kukujulisha", na daktari akarudi kulala kwa sababu hakuombwa kitu. Omba. Oda ukipewa kwa simu, irudie kwa sauti, kipimo na njia, uiandike pamoja na saa na jina lake. Asipopokea, piga tena baada ya dakika chache, kisha nenda kwa aliye juu yake na umwambie msimamizi wa zamu. Kila simu iandikwe, hata isiyojibiwa.

Mgonjwa akizimika

Kabla ya lolote, piga kelele: "Msaada, kitanda cha 7!" Kunyamaza ukijaribu peke yako ndilo kosa la kawaida. Mwezi wa kwanza chagua nafasi moja uijue barabara. Kukandamiza kifua kunakufaa zaidi: katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, 30 kwa pumzi 2, mkabadilishane kila dakika 2. Nafasi nyingine nzuri ni kuandika saa na dawa zinazotolewa, kazi ambayo hakuna anayeitaka na kila mtu huihitaji baadaye.

Dharura mbili zinafaa zikae kichwani kwa sababu hazisubiri mtu afungue kitabu. Sukari ya damu chini ya 4 (milimoli kwa lita): akiwa macho na anameza, vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15, akiwa amezimia usimpe chochote mdomoni, ni dekstrosi mshipani kwa oda, na mwite daktari. Mzio mkali baada ya sindano, yaani uvimbe wa uso, kuhema na presha kushuka: simamisha dawa, adrenalini mililita 0.5 ya 1:1000 kwenye msuli wa nje wa paja kwa mtu mzima.

Wagonjwa na jamaa zao

Mombasa mgonjwa mmoja hufuatwa na ukoo. Hofu ya macho yao hupungua ukiwaanza wewe kabla hawajakuanza. Salimu wakubwa kwanza, "Shikamoo mzee", "Salaam aleikum, mama", "Ugua pole, bibi", jitambulishe kwa jina, uwaambie utakuwa naye mpaka saa ngapi. Mwulize mmoja wao awe msemaji wa wote. Ukiulizwa usilolijua, jibu: "Hilo sitaki kukukisia, ami. Namwuliza daktari na nakuletea jibu kabla ya adhuhuri." Kisha ulilete.

Kabla ya kumfunua mwanamke, funga pazia, omba ruhusa, funua pale tu unapohitaji. Akitaka ahudumiwe na mwanamke mwenzake, badilishaneni kazi na mwenzako panapowezekana. Kwa mzee anayesema Kigiriama au Kidigo peke yake, tafuta mfanyakazi anayekijua. Mtoto wa mgonjwa asifanywe mkalimani wa habari nzito.

Kifo cha kwanza ukiwa zamu kitakutikisa. Kwanza daktari athibitishe. Jamaa waambiwe wakiwa wamekaa, na neno liwe "amefariki", si "ametuacha kidogo" wala "hali imebadilika". Familia za Kiislamu huzika mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa hivyo fuatilia karatasi za kibali cha mazishi bila kukawia. Uharaka huo ndio rambirambi wanayoikumbuka. Kisha omba dakika tano, nawa uso, unywe maji, umwambie mwenzako moja kwa moja kwamba limekuuma.

Wakubwa wakali

Wodini hakukosekani mtu wa kukufokea. Ukali mwingine ni haraka ya wodi iliyojaa, mwingine ni dharau, na mapema huwezi kuzitofautisha. Uliza kwa namna inayojibika: "Sista, nimehesabu nimepata 1.5, naomba uniangalizie," hupata jibu la sekunde kumi, wakati "Sista, hii inafanywaje?" humlazimu aache kazi yake. Wakati mzuri wa kuuliza ni baada ya raundi ya dawa, si katikati yake. Swali la usalama ndilo halingoji wakati mzuri, liulize hata ukifokewa. Mtu akikudhalilisha mbele ya wagonjwa, mwendee baadaye faraghani. Likirudiwa, andika tarehe na maneno, umpelekee inchaji.

Ukikosea, au ukijidunga

Umetoa dawa isiyo yake: simamisha kama bado inaingia, nenda kwa mgonjwa umpime, mwite daktari, mwambie inchaji, endelea kumpima kwa ratiba utakayopewa, kisha jaza fomu ya tukio. Andika kilichofanyika na saa yake, bila kulaumu na bila kujitetea. Usifute, usipake rangi nyeupe: mstari mmoja juu ya kosa, sahihi, na saa. Kosa lililosemwa ndani ya dakika tano mara nyingi hurekebishika. Lililofichwa hukua.

Ukijidunga sindano iliyotumika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, usipake jiki. Ripoti hapo hapo. Dawa za kinga ya HIV huanza mapema iwezekanavyo, bora ndani ya saa 2 na zisizidi saa 72, nazo humezwa siku 28. Ikiwa ni zamu ya usiku na ofisi imefungwa, uliza nani ana dawa za kuanzia. Ndiyo maana swali hilo liulizwe siku ya kwanza.

Zamu ya usiku

Lala kwa muda wa saa moja na nusu alasiri kabla ya usiku wa kwanza. Wakati ambao akili hulegea zaidi ni kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri: hesabu za dawa za saa kumi na mbili zifanye mapema, na zikaguliwe na mwenzako. Kahawa ya mwisho iwe saa sita kabla ya muda wa kulala. Kulala mchana katika joto la Mombasa kunataka maandalizi: oga maji ya baridi, feni, pazia zito au leso mbili dirishani, pamba masikioni, na watu wa nyumbani wajue saa zako. Ukifunga Ramadhani ukiwa zamu ya jioni, panga na mwenzako tangu ripoti nani atafuturu kwanza, ili wodi isibaki bila mtu wakati wa adhana.

Hofu isipopungua

Kwa wengi ugumu mkubwa huwa wiki za mwanzo, kisha mkono unazoea. Lakini zipo dalili ambazo si za kuvumiliwa: hulali hata siku za mapumziko, unatapika au kulia kabla ya kila zamu, unarudi wodini baada ya kazi kuhakikisha mambo uliyokwisha kuyahakikisha, umeanza kunywa pombe au kumeza dawa ili ulale, au mawazo ya kujidhuru. Hilo la mwisho ni la siku hiyo hiyo: mwambie mtu unayemwamini na ufike idara ya dharura au kliniki ya afya ya akili. Haya mengine yakizidi wiki mbili, mwone mtabibu kama mgonjwa mwingine yeyote. Huduma za afya ya akili zipo katika hospitali ya Port Reitz, na ukiona haya kutibiwa mahali unapofanya kazi, una haki ya kwenda kwingine.

Sambamba na hilo, nenda kwa inchaji na ombi lililoandikwa: wiki mbili zaidi za kufanya kazi na mwenzako kando, kazi tatu unazotaka usimamiwe zikitajwa kwa majina, mtu unayependekeza akusimamie, na tarehe ya kukaa naye tena kuangalia umefika wapi. Baki na nakala.